Mtoto Amelewa: Ni Nani Aliyemlevya?

“Gari lilipoteza mwelekeo na kuwagonga watu waliokuwa kando ya barabara.” Hakuna msomaji wa magazeti yetu asiyeifahamu sentensi hii. Huandikwa Jumatatu, ikarudiwa Alhamisi, ikasomwa tena redioni Jumapili jioni wakati watu wanarejea kutoka matembezini. Kwa sisi ambao kazi yetu ni kuchunguza lugha, sentensi hii ina jambo la kushangaza. Kiima chake ni gari. Gari ndilo lililopoteza mwelekeo, kana kwamba liliwahi kuwa na akili ya kuujua. Dereva hatajwi. Chupa aliyokunywa haitajwi. Na mtu aliyemmiminia dereva huyo pombe hafikiriwi kabisa.

Leo ningependa kumzungumzia mtu huyo asiyetajwa, hasa pale ambapo aliyeushika usukani ni mtoto, yaani kijana ambaye hajatimiza umri wa miaka 18. Hoja yangu ni kwamba mtu mzima aliyemuuzia au kumpa mtoto pombe, mtoto huyo akaingia garini na kuua au kulemaza watu, anapaswa kuwajibika mbele ya sheria kwa yale yaliyotokea barabarani. Haitoshi kumtoza faini kwa kuuza. Anapaswa kuwa miongoni mwa wale wanaodaiwa fidia na mjane, na yatima, na kijana aliyekatwa mguu.

Kila mwaka huwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza mnyambuliko wa vitenzi, na kila mwaka huwa tunafika kwenye kauli ya kutendesha. Kulala huzaa kulaza. Kula huzaa kulisha. Kunywa huzaa kunywesha. Kulewa huzaa kulevya. Kauli hii humleta mtu wa pili katika sentensi. Anayelala ni mtoto, anayemlaza ni mama yake. Anayelewa ni mmoja, anayelevya ni mwingine, na Kiswahili hakikubali wawili hao wachanganywe. Hata kitenzi tunachokitumia kwa kazi ya dereva kimejengwa kwa kauli iyo hiyo, kwani kuendesha ni kufanya kitu kiende. Gari haliendi lenyewe, huendeshwa. Mtoto naye, mara nyingi, halewi kwa uwezo wake mwenyewe. Hana leseni ya baa, hana duka, na aghalabu hata pesa zilizomo mfukoni mwake si zake.

Sheria zetu hazikosi maneno kuhusu jambo hili. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010, ambayo wananchi waliibandika jina la “Sheria ya Mututho” kutokana na Bw John Mututho, aliyekuwa Mbunge wa Naivasha wakati huo, inamkataza mtu yeyote kumuuzia au kumpatia kileo, hali akijua, mtu aliye chini ya miaka 18. Inamkataza pia mwenye leseni kumruhusu mtoto aingie mahali pa kunywea. Katiba ya mwaka wa 2010 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Sheria ya Watoto humpa haki ya kulindwa dhidi ya pombe na dawa za kulevya. Sheria ya Trafiki nayo haimruhusu aliye chini ya umri huo kuendesha gari, na inamhesabu mwenye gari kuwa na hatia iwapo atamruhusu mtu asiye na leseni kuliendesha.

Tuyaweke mambo haya pamoja. Katika nchi kama Marekani, kijana wa miaka 17 huweza kuwa na leseni halali ya udereva ilhali haruhusiwi kununua pombe hadi atimize miaka 21. Kwetu hali ni tofauti. Umri wa kunywa na umri wa kuendesha gari ni mmoja. Kwa hiyo mtoto wa Kenya anayeendesha gari akiwa mlevi amevuka mipaka miwili kwa mpigo, na katika kila mpaka huwa kuna mtu mzima aliyemfungulia njia. Mmoja alimpa chupa. Mwingine alimpa ufunguo, au aliuacha mezani palipo wazi na kwenda kulala. Wakati mwingine watu hao wawili ni mtu mmoja, naye ni mzazi wake.

Sasa msomaji aulize: baada ya msiba kutokea, sheria humfuata nani? Humfuata mtoto. Mtoto hupelekwa kituoni, hupelekwa mahakamani, na kwa kuwa ni mtoto, mahakama humtazama kwa jicho la huruma, jambo ambalo silipingi hata kidogo. Waliobaki hurudi majumbani mwao. Adhabu iliyowekwa kwa anayemuuzia mtoto pombe ni faini au kifungo, au vyote viwili. Faini hulipwa kwa Serikali. Aliyefiwa haipati hata senti moja ya faini hiyo.

Ni kweli kwamba tunayo Sheria ya Ajali za Mauti, Sura ya 32, inayowaruhusu wategemezi wa marehemu kumdai fidia mtu aliyesababisha kifo kwa kosa au uzembe wake. Lakini ni nani huhesabiwa kuwa ndiye aliyesababisha? Mazoea ya mahakamani ni kumshtaki dereva na mwenye gari, kisha kuitazamia kampuni ya bima. Dereva mwenyewe ni mwanafunzi, hana mali. Mikataba ya bima nayo huwa na masharti yake kuhusu dereva asiye na leseni na dereva aliyelewa, na hapo ndipo mabishano huanza, barua zikafuatana, kesi ikaahirishwa mara saba. Wakati huo wote, mwenye baa aliyepokea pesa na mwenye karamu aliyefungua kreti hawamo hata katika orodha ya mashahidi.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa maandalizi ya mazishi ya kijana mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara, katika mji ulio karibu na Nairobi. Mvulana wa miaka 17, akitoka katika karamu ya kusherehekea kumalizika kwa mtihani, alikuwa ameiacha lami na kumfuata marehemu hadi penye jiko lake. Katika mkutano ule mambo mengi yaliulizwa. Jeneza litagharimu pesa ngapi? Deni la mochari litalipwa na nani? Basi litaondoka saa ngapi kwenda nyumbani? Bwana ambaye karamu ilifanyika kwake alikuwapo. Alitoa mchango mkubwa kuliko wa yeyote, akapigiwa makofi.

Mama mzazi wa marehemu alikuwa amejiinamia tangu mwanzo. Makofi yalipotulia aliinua uso akasema: “Wanangu, nimeambiwa kwamba yule mtoto alikuwa amelewa. Mtoto hana kiwanda cha pombe. Ni nani aliyempa?”

Kimya kilitanda. Mwishowe mwenyekiti akamjibu kwa upole: “Mama, tuliza moyo. Hiyo ilikuwa ajali, na ajali haina kinga.”

Mwenyekiti yule hakuwa mtu mbaya. Alitaka kumfariji mzazi kwa neno ambalo sote hulitumia. Lakini neno lenyewe linastahili kuchunguzwa. Ajali asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni muda uliowekwa, yaani saa ya mtu ya kuondoka duniani. Kwa hiyo tunapouita mgongano wa magari ajali, tunachukua tukio lenye mashahidi, lenye alama za magurudumu barabarani na risiti za baa, tukaliweka katika hazina ya mambo yaliyokwisha kuandikwa tangu azali. Sina ugomvi na imani ya mtu kwamba kila nafsi ina siku yake. Lakini siku ya kufa kuijua Mwenyezi Mungu ni jambo moja, na chupa kutolewa jokofuni na kuwekwa mkononi mwa mtoto ni jambo jingine. Chupa ile ilitolewa na mkono wa mwanadamu mwenye jina na anwani. Methali isiwe pazia la kumficha.

Isitoshe, nchi hii hulijua swali la mama yule, nayo huliuliza inapotaka. Mnamo Novemba 2000, pombe iliyochanganywa na methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya Mukuru jijini Nairobi. Mnamo Mei 2014, pombe ya namna hiyo iliua watu wengi katika kaunti kadhaa. Februari 2024, maafa yakarudi tena katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, watu zaidi ya 10 wakafa. Kila mara swali la kwanza lilikuwa: Ni nani aliyeitengeneza? Ni nani aliyeiuza? Ni nani aliyempa leseni? Wapo waliosema kwamba wanywaji walijitakia wenyewe, lakini Serikali haikuwafuata marehemu makaburini. Iliwafuata wauzaji.

Tofauti iko wapi basi? Pombe ya Mukuru iliua kwa sumu iliyokuwamo ndani yake. Bia halali, iliyofungwa kiwandani na kulipiwa ushuru, ikiingia tumboni mwa mtoto mwenye ufunguo wa gari mfukoni, huua kwa njia ya magurudumu. Tena huua hata yule ambaye hakuonja tone, mwenye kuchoma mahindi yake au kusubiri matatu kituoni. Ikiwa tunamwajibisha anayemuua mnywaji, kwa nini tusimwajibishe anayemfanya mnywaji mdogo kuwa hatari kwa asiyekunywa? Barabara zetu zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka katika miaka ya karibuni. Sidai kwamba wote hao waliuawa na watoto walevi. Nadai tu kwamba katika vifo ambavyo chanzo chake ni pombe aliyopewa mtoto, tumezoea kuikata hadithi katikati.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba haya ni mawazo ya mwalimu wa sarufi, na kwamba sheria haiwezi kumfuata mtu aliyekuwa mbali na mahali pa msiba. Hebu tuitazame sheria yenyewe. Kila mwanafunzi wa sheria katika vyuo vyetu hukutana mapema na kesi iliyotoka mji wa Paisley, Scotland, ambayo iliamuliwa mjini London mwaka wa 1932. Mwanamke mmoja alinunuliwa na rafiki yake chupa ya kinywaji cha tangawizi. Alipokwisha kunywa kiasi, alidai, mabaki ya konokono yalitoka ndani ya chupa, naye akaugua. Mtengenezaji alijitetea kwamba hakuwa na mapatano yoyote na mwanamke huyo, kwani hata chupa hakuinunua yeye. Majaji walio wengi waliukataa utetezi huo. Jaji Lord Atkin alieleza kwamba jirani yako katika sheria ni yeyote ambaye ungepaswa kumfikiria kabla ya kutenda, kwa sababu tendo lako laweza kumfikia na kumdhuru. Juu ya msingi huo limejengwa jengo zima la sheria ya uzembe, hata katika mahakama zetu hapa Kenya.

Nami nauliza: mtu anayempa pombe kijana wa miaka 16 hali anaona gari alilokuja nalo limeegeshwa langoni, je, hapaswi kuwafikiria watu watakaokuwa barabarani usiku huo? Ikiwa mtengenezaji wa tangawizi alikuwa jirani wa mwanamke asiyemjua hata kwa sura, vipi mwenye karamu asiwe jirani wa mchoma mahindi aliye mita 200 kutoka langoni kwake?

Wenzetu ng'ambo wamekwisha kulijibu swali hili. Huko Marekani, majimbo mengi yana sheria za kumdai fidia muuza pombe, na baadhi ya sheria za namna hiyo zina mizizi katika karne ya 19. Kesi inayofanana zaidi na mada yetu iliamuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey mwaka wa 1959. Kijana wa miaka 18, wakati ambapo umri halali wa kunywa katika jimbo hilo ulikuwa 21, aliuziwa pombe katika baa, akaondoka kwa gari, na mgongano uliofuata ukamuua mtu mwingine. Mahakama iliamua kwamba wauzaji waliweza kudaiwa. Sababu iliyotolewa ni yenye hekima. Sheria ya kuwakataza watu kumuuzia mtoto haikuwekwa kwa ajili ya kumlinda mtoto peke yake. Iliwekwa pia kwa ajili ya kuulinda umma dhidi ya yale ambayo mtoto aliyelewa anaweza kuyatenda.

Miaka 25 baadaye, mwaka wa 1984, mahakama hiyo hiyo ilikwenda mbele zaidi. Iliamua kwamba hata mwenyeji nyumbani kwake, anayeendelea kumnywesha mgeni ambaye amekwisha kulewa huku akijua kwamba mgeni huyo ataendesha gari, anaweza kudaiwa na mtu atakayeumizwa njiani. Mwaka uo huo wa 1984, Marekani ilipitisha sheria ya kuyanyima majimbo sehemu ya pesa za barabara kuu iwapo hayangeupandisha umri wa kununua pombe hadi miaka 21. Msomaji aone jinsi walivyofikiri: waliifunga pamoja chupa na barabara, kwa kuwa walikwisha kuona kwamba vitu hivyo viwili hukutana.

Haki inanitaka nitaje pia mfano unaoelekea upande wa pili. Mwaka wa 2006, Mahakama ya Juu ya Canada iliamua kwamba mwenyeji wa karamu ya nyumbani kwa kawaida hawajibiki kwa watu wanaoumizwa na mgeni wake aliyelewa. Mahakama ilisisitiza kwamba mgeni ni mtu mzima mwenye hiari yake, na anayechagua kunywa na kisha kuendesha gari huubeba mwenyewe mzigo wa uchaguzi wake. Lakini tuitazame hoja hii kwa makini. Nguvu yake yote iko katika maneno “mtu mzima”. Mtoto hana hiari ya namna hiyo mbele ya sheria. Hawezi kupiga kura, hawezi kuoa wala kuolewa, hawezi kupewa leseni ya gari. Sheria imemwambia waziwazi kwamba bado hajafikia umri wa kuamua kuhusu pombe. Basi aliyempa hawezi kugeuka na kusema: “Aliamua mwenyewe.” Hoja inayomwokoa mwenyeji wa watu wazima ndiyo inayomfunga mwenyeji wa watoto.

Zipo pingamizi nyingine ambazo ni lazima zijibiwe kwa heshima.

Kuna wanaosema kwamba muuzaji hawezi kuujua umri wa mteja kwa kumtazama usoni, hasa siku hizi ambapo vijana wa miaka 15 wana ndevu. Ni kweli uso hudanganya. Lakini kitambulisho cha kitaifa hutolewa mtu anapotimiza miaka 18, na 18 ndio umri wa kunywa. Ni nchi chache zilizojaliwa kipimo rahisi kama hiki. Mlinzi langoni mwa jumba la ofisi hutuomba vitambulisho tunapokwenda kulipa bili ya maji. Mhudumu wa baa akikiomba kabla ya kufungua chupa atakuwa amemkosea nani? Neno “hali akijua” lililomo katika sheria halipaswi kuwa pango la kujifichia. Asiyeuliza kwa makusudi ili asijue, huyo amejua.

Kuna wanaohofia kwamba mzigo utamwangukia mhudumu maskini, msichana anayelipwa mshahara mdogo na kufanya kazi hadi usiku wa manane, huku mwenye baa akiwa amelala kwake. Hofu hii ina msingi, nami naichukulia kwa uzito. Ndiyo maana nasema dai la fidia limwendee mwenye leseni kwanza. Yeye ndiye aliyepewa leseni na kaunti, ndiye anayehesabu faida asubuhi, na ndiye anayeweza kuamuru kwamba asiye na kitambulisho asihudumiwe. Mhudumu asiachiwe peke yake kubishana na kijana mwenye pesa.

Kuna pia wazazi, na hawa ni wengi kuliko tunavyokiri, wanaosema kwamba ni afadhali mtoto anywe nyumbani mbele ya macho yao kuliko kwenda kunywea mafichoni. Nimeyasikia maneno haya kwa watu wenye elimu kubwa. Jibu langu ni kwamba macho ya mzazi hayaendi na gari. Mwana wako waweza kumtazama. Lakini wale wana wa wenzako uliowaalika, ambao wazazi wao hawajui kilichomo katika bilauri zile, watarudi vipi makwao saa saba za usiku? Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Katika jambo hili, msiba ni kwamba mara nyingi anayelia ni mzazi wa mtu mwingine.

Na wapo watakaosema kwamba pombe ni sehemu ya mila zetu. Naam, ilikuwa sehemu ya mila, lakini mila ipi? Muratina ya Wakikuyu, busaa ya Waluhya, mnazi wa Wamijikenda, vyote vilikuwa na mahali pake na wakati wake, na kwa desturi vilikuwa ni vinywaji vya wazee. Kijana hakujichotea mtungini. Tuliyoyaacha ni yale masharti. Tulichokibakisha ni kileo peke yake. Siku hizi chupa huagizwa kwa simu, ikaletwa langoni na mwendesha bodaboda, ikapokewa na yeyote aliyefungua lango, hata kama ni mtoto wa darasa la nane. Haiwezekani kuyaita hayo mila.

Mwaka wa 2025, sera mpya ya taifa kuhusu pombe na dawa za kulevya ilipendekeza umri wa kununua na kunywa pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Mjadala mkali ulizuka, wengine wakishangilia, wengine wakipinga. Mimi sina haja ya kujiunga na kambi yoyote katika mjadala huo leo. Ninalosema ni kwamba kuupandisha umri bila kumfuata anayetoa pombe ni sawa na kuhamisha jiwe la mpaka bila kulima shamba. Ikiwa leo kijana wa miaka 16 anauziwa ilhali sheria inasema 18, ni muujiza gani utakaomzuia kuuziwa sheria itakaposema 21?

Nini kifanyike basi? Napendekeza mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, polisi wa trafiki wanapochunguza mgongano ambao dereva wake ni mtoto aliyekunywa, wawe na wajibu wa kuandika katika taarifa yao mahali alipoinywa pombe hiyo, aliyemuuzia au kumpa, na aliyemwachia gari. Swali la mama yule liwe swali la kwanza katika fomu. Kesi nyingi hufa kwa sababu ushahidi wa baa haukukusanywa usiku uo huo, na kufikia wiki ya pili hakuna anayekumbuka lolote.

Pili, Bunge liifanyie marekebisho Sheria ya Kudhibiti Vileo, iseme bila kuficha kwamba aliyemuuzia au kumpa mtoto pombe anaweza kudaiwa fidia na mtu yeyote aliyedhurika kutokana na ulevi wa mtoto huyo, pamoja na dereva na mwenye gari. Mahakama zetu zina uzoefu wa siku nyingi wa kugawa lawama kwa kadiri ya kosa la kila mmoja. Zitaamua nani alipe sehemu kubwa na nani alipe ndogo.

Tatu, katika kesi kama hizo, aliyetoa pombe ndiye athibitishe kwamba alikiomba kitambulisho na akaonyeshwa. Aliyefiwa asilazimishwe kuthibitisha yaliyokuwa moyoni mwa mtu asiyemjua. Na mwenye leseni atakayepatikana na hatia baada ya kifo kutokea anyang'anywe leseni, wala asipewe nyingine kwa jina la mkewe au la binamu yake.

Nne, kwa wale wanaoandaa karamu majumbani, sheria iwe na mpaka ulio wazi. Simtaki mzazi aliyefungia pombe kabatini, watoto wakavunja kufuli, ahesabiwe sawa na yule aliyenunua kreti tano na kuwaita wanafunzi wote wa darasa la mwanawe. Anayepaswa kuwajibika ni mtu mzima aliyetoa, au aliyeona na akaruhusu. Sheria isiyotenganisha watu hawa wawili haitaheshimiwa.

Sisi tulio katika kazi ya kuandika na kufundisha nasi tuna sehemu yetu. Mwandishi wa habari anaweza kuanza kesho asubuhi. Badala ya kuandika kwamba gari lilipoteza mwelekeo, aandike ni nani alikuwa akiliendesha, ana umri gani, alikuwa ametoka wapi, na pombe aliyokunywa iliuzwa na nani, maadamu mambo hayo yamethibitishwa. Mhariri asiyakate kwa kutafuta nafasi ya tangazo. Mwalimu naye, anapofundisha kauli ya kutendesha, asikomee kwenye kulaza na kulisha. Awaulize wanafunzi wake tofauti iliyopo kati ya kulewa na kulevya, kisha awaache wajadiliane.

Watoto wetu watafunga shule tena mwezi wa Novemba. Mitihani itakwisha, karamu zitaandaliwa, nyama itachomwa na muziki utapigwa. Mtu mzima atasimama mbele ya jokofu akiwa ameshika mlango wake, na kijana atanyosha mkono. Wakati huo hakutakuwa na polisi wala jaji. Kitakachokuwapo ni kile ambacho mtu yule anajua kuhusu sheria ya nchi yake. Bunge letu lina uwezo wa kumfanya ajue kwamba chupa ile akiitoa, jina lake huenda likasomwa mahakamani.